Paje au Kendwa? Tazama mwezi kabla ya kulipia chumba

Shemeji yangu kazaliwa Mwanza na kakulia Mwanza. Bahari aliijua kwa picha, na ni picha moja tu iliyompeleka Paje, mashariki ya Unguja: maji ya feruzi, mchanga mweupe, mnazi umeinama kama unataka kunywa. Yeye na watoto walifika usiku. Asubuhi, kama saa 4 hivi, wakatoka na maboya viunoni, wakasimama. Mbele yao palikuwa na uwanja. Mchanga wenye mikunjo, vidimbwi, nyasi za bahari, ngalawa mbili zimelala ubavu, na huko mbali kinamama wameinama kwenye safu za vijiti. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mweupe kwenye upeo wa macho. Akanipigia simu.

"Shemeji, huku bahari imeondoka. Hela yangu narudishiwa na nani?"

Hakuwa anatania sana. Ziwa Victoria lina mawimbi, lina dhoruba zinazoua wavuvi, lakini ukiacha ndala zako ukingoni asubuhi, jioni unazikuta pale pale. Kupwa na kujaa kwa ziwa hakuonekani kwa macho. Nikaanza kumweleza habari za mwezi na mvuto wake, akawa hanisikilizi. Aliyemsaidia ni mama mmoja wa mwani aliyekuwa anapita na gunia lake: "Rudini alasiri, baba. Mtayakuta hapa kwenye kiatu cha mtoto." Alasiri maji yalikuwa pale kwenye kiatu, na shemeji akaogelea mpaka magharibi. Ila alikuwa kalipia siku tatu, na asubuhi zote tatu alitazama uwanja.

Tangu hapo, kila anayeniuliza aende mashariki ya Unguja au kaskazini, namuuliza kwanza: mwezi utakuwa wa ngapi? Sisemi Julai au Agosti, hayo nayo yatakuja. Nasema mwezi wa juu.

Maji ni yale yale, sakafu ndiyo mbalimbali

Paje na Kendwa, ile ya kaskazini, ziko kisiwa kimoja. Maji hupanda na kushuka kwa kiasi kinachokaribiana na kwa saa zinazokaribiana. Kila siku yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa sababu mwezi nao hautokezi saa ile ile. Jua na mwezi vikivuta kwa mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa inakaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, kila mmoja anampunguzia mwenzake, ndipo tunapata maji mafu: tofauti inashuka mpaka kama mita moja hivi. Karibu na Machi na Septemba, bamvua huwa kubwa kuliko nyakati nyingine za mwaka.

Kwa hiyo bahari ya Paje haishuki chini kuliko ya Kendwa. Inakwenda mbali tu. Chukua hesabu ya darasani, tusiseme ni vipimo vya mahali fulani. Ufuo wa kwanza unateremka mita 1 kwa kila mita 12 unazopiga hatua kuingia baharini. Maji yakishuka mita 4, ukingo wake unarudi nyuma mita 48. Unauona bado, unausikia. Ufuo wa pili unateremka mita 1 kwa kila mita 300. Maji yale yale, mita zile zile 4, yanarudi nyuma mita 1,200. Huo ndio uwanja wa shemeji.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wageni hawaambiwi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika zile saa sita na ushei za kujaa, saa ya kwanza na ya mwisho hayaendi kitu, na saa za katikati ndizo zinazobeba mzigo: saa ya tatu pekee hubeba kama robo ya kupanda kote, na ya nne vilevile. Kwa bamvua hiyo ni mita nzima ndani ya saa moja. Kwenye ufuo wetu wa pili, mita moja ya kwenda juu ni mita 300 za kwenda mbele, yaani mita 5 kila dakika. Nako sakafu ya huko haiko sawa kama meza. Ina mabonde ambayo hujaa kwanza, nyuma yako, wakati wewe bado umesimama pakavu unapiga picha. Wenyeji wanarudi mapema kwa sababu wanaijua njia ya maji.

Kwa nini mashariki ni bapa na kaskazini-magharibi kunateremka haraka? Mashariki inatazamana na Bahari ya Hindi yote. Matumbawe yamejenga huko mwamba mrefu sambamba na nchi kavu, na kati ya mwamba na ufuo kumebaki bwawa la maji mafupi ambalo kwa miaka mingi limejazwa mchanga. Kendwa inatazama magharibi, kwenye mlango wa bahari kati ya Unguja na bara, na haina sakafu pana kama hiyo mbele yake. Ukiingia majini hatua kadhaa, kifua kimelowa.

Mashariki: mwamba unaofungua na kufunga

Ukisimama Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, utasikia ngurumo isiyokatika kutoka mbali. Ni mawimbi yanapasuka mwambani. Wimbi husafiri kilindini bila taabu, lakini kina kikipungua mpaka kukaribia kimo cha wimbi lenyewe, miguu yake inakwama na kichwa kinaendelea, linaanguka. Mwamba wa mashariki unayafanyia mawimbi kazi hiyo kilomita moja na zaidi kabla hayajafika kwako. Ndiyo maana ndani ya bwawa maji hutulia kiasi cha mtoto kukaa, hata siku ambayo nje ya mwamba nahodha hathubutu.

Lakini mwamba huo haulindi saa zote. Maji ya bamvua yakijaa, juu yake kunakuwa na kina cha kutosha mawimbi kupita bila kuanguka, na yale yaliyokuwa yakipasuka mbali sasa yanafika mpaka kwenye minazi. Saa moja au mbili kila upande wa maji kujaa ndizo zinazochonga ufuo wa Paje. Saa zilizobaki ufuo umepumzika. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, tazama umbo lake maji yakipwa. Juu kuna ukanda mwembamba unaoteremka, wenye mchanga mkubwa mkubwa: hapo ndipo mawimbi hufanya kazi maji yakijaa. Kisha mteremko unakatika ghafla na unaanza uwanja wa mchanga laini usioteremka, ambao wimbi kubwa haliugusi. Ni kama nyumba na ua wake.

Mchanga wenyewe haujatoka mtoni. Ni vipande vya matumbawe, makombe, na mimea ya bahari yenye chokaa mwilini. Sehemu umepitia tumboni mwa pono, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, ambaye hutafuna mwamba ili apate chakula chake na kuutoa upande wa pili ukiwa unga. Kwa kuwa ni mweupe, haunyonyi joto sana, na unaweza kutembea peku saa 7 mchana. Kajaribu hivyo kwenye mchanga mweusi kwingineko uone.

Sasa, huo uwanja uliomuudhi shemeji ni shamba. Kilimo cha mwani cha kibiashara Zanzibar kilianza mwaka 1989 hapa hapa upande wa mashariki, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani unataka maji mafupi, safi, yasiyopigwa na mawimbi, na mkulima anataka aweze kuufikia kwa miguu. Vyote hivyo vinapatikana kwa pamoja mahali penye mwamba nje na sakafu bapa ndani. Siku za bamvua ndizo siku za kazi, kwa kuwa ndipo maji hushuka vya kutosha kufunga kamba na kuvuna. Siku hizo pia utawaona watu na fimbo zao wakichokoa pweza kwenye mashimo. Mgeni anayeona matope na mwenyeji anayeona siku ya kipato wanatazama kitu kimoja.

Upepo nao una mahali pake. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba, na nguvu yake kubwa ni Juni mpaka Agosti. Kaskazi huchukua zamu kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi. Zote mbili zinaingia mashariki kutoka baharini. Ndiyo sababu Paje imejaa watu wa kaiti, wanaopanda ubao majini wakivutwa na tiara: upepo wa kutosha juu, na chini maji yaliyotulizwa na mwamba. Kama hukuja kwa ajili ya kaiti, jua kwamba mchana wa Julai mchanga utakupiga miguuni na mwavuli wako utahama. Wakati wa kusi pia nyasi za bahari hung'oka na kurundikana ufuoni, zikinuka kidogo zikianza kuoza. Vijana wa hoteli huamka alfajiri kuzifagia na kuzipakia kwenye mikokoteni. Mimi husikitika kila nikiona. Lile rundo ndilo linalonasa mchanga na kuvunja nguvu ya wimbi la mwisho. Unalifagia, kisha mwaka unaofuata unalalamika kwamba ufuo umepungua.

Hatari ya mashariki si wimbi. Ni vitu viwili: viumbe weusi wenye miiba mirefu waliojazana kwenye miamba na nyasi, ambao viatu vya mpira vinawatosha, na mlango. Mwamba una mapengo, na maji yote yaliyoingia juu ya mwamba wakati wa kujaa lazima yatoke, na yanapokupwa yanakimbilia kwenye mapengo hayo. Mkondo wa hapo unamshinda mwogeleaji mzuri. Wavuvi wanautumia kutokea. Wewe kaa mbali nao.

Jambo la saa, ambalo ndilo kiini cha yote

Kwenye pwani yetu bamvua ina tabia ambayo ukiikariri hutahitaji jedwali la maji. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa 4 na saa 5, na hujaa jioni kati ya saa 10 na saa 11 (na alfajiri saa kama hizo). Ni hivyo kila bamvua, mwaka mzima. Siku za maji mafu mambo yanageuka: kujaa kunaangukia asubuhi saa 4 au 5, kupwa kunaangukia saa 10 jioni, na hata hapo maji hayaendi mbali.

Unajuaje siku? Kwa kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani kwa jirani. Bamvua ni kuanzia mwezi kuandama mpaka siku ya tatu hivi, halafu tena kuanzia tarehe 15 mpaka 17. Maji mafu ni karibu na tarehe 8 mpaka 10, na tena 22 mpaka 24. Bahari huchelewa siku moja au mbili nyuma ya mwezi, kwa hiyo usishangae ukiona bamvua kubwa ni ya tarehe 16 na si ya 14.

Sasa rudi kwa shemeji. Alifika Paje mwezi mpevu. Kila asubuhi, saa ile ile ambayo mgeni hushuka na taulo baada ya chai, maji yalikuwa mwisho wa dunia. Angefika wiki moja baadaye angeogelea saa 4 asubuhi mlangoni pa chumba chake, angerudi Mwanza akisema Paje ni pepo. Hoteli ile ile, chumba kile kile, bei ile ile. Picha iliyomvutia nina hakika ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Sijawahi kuona tangazo la Paje lililopigwa saa 5 asubuhi siku ya bamvua, ingawa kwangu mimi hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote.

Kaskazini: kuogelea saa yoyote, lakini angalia ukuta

Kendwa, na Nungwi upande wake wa magharibi, hazidai kalenda. Saa 4 asubuhi unaingia, saa 8 unaingia, jua likizama mbele yako bado umo. Kwa mtu mwenye siku mbili tu, au mwenye mzazi ambaye magoti yamechoka na hawezi kutembea kilomita kutafuta kina, mjadala umekwisha hapo.

Lakini maji ambayo hayaendi mbali wakati wa kupwa hayana pa kwenda wakati wa kujaa pia. Ufuo unaoteremka haraka ni mwembamba. Siku za bamvua, jioni, kuna sehemu za Nungwi ambapo maji yanafika mpaka kwenye kuta za majengo na mchanga haupo kabisa. Wengi hutaka kutembea kwa miguu kutoka Kendwa mpaka Nungwi. Ni matembezi mazuri, ila njia hiyo iko wazi maji yakiwa yamekupwa tu, kwani kati yake kuna majabali yanayoingia majini. Nimewaona wageni wamenasa upande wa pili wakiwa na viatu mkononi, wakijadiliana na mwenye mashua bei ya mita mia mbili. Mwenye mashua hakuwa na haraka.

Majabali yenyewe yatazame. Ni mawe ya matumbawe ya kale, na yameliwa kwa chini yakawa kama uyoga: kichwa kipana, shingo nyembamba. Shingo iko pale pale maji hufika kila siku. Mawimbi hulipiga jiwe hapo, chumvi na maji huliyeyusha, na viumbe wadogo hulitoboa na kulikwangua, mpaka siku moja kichwa kinaanguka. Kivuli chake ni kitamu, lakini usilaze watoto hapo.

Mchanga wa huku una safari zake. Wimbi likija kwa mshazari, hupanda ufuoni kwa mshazari na kubeba mchanga; likirudi, hushuka moja kwa moja. Linalofuata hufanya vivyo hivyo. Punje moja ya mchanga inakwenda hivyo kama panda-shuka ya msumeno, na mwisho wa siku iko mbali na ilipoanza. Kusi inausukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi inaurudisha kusini. Wakati wa kusi Kendwa ina mgongo wa kisiwa kizima wa kuikinga, na maji yanaweza kuwa kama ya beseni huku Paje kaiti zinapaa. Wakati wa kaskazi kinga hiyo haipo: mawimbi hujipinda kuzunguka Ras Nungwi na kuingia, maana wimbi likigusa maji mafupi upande mmoja hupunguza mwendo upande huo na kugeuka kama gari lililofungwa breki gurudumu moja. Ufuo wa Februari si ule wa Agosti, na mtu anayepima ukubwa wa ufuo kwa ziara moja anajidanganya.

Hapo ndipo kuta zinapoharibu. Mwenye hoteli anaona mchanga umepungua msimu mmoja, anaingiwa na hofu, anajenga ukuta wa zege. Wimbi lililokuwa linapanda mchangani na kuchoka, sasa linagonga ukuta na kurudi na nguvu zake, likichimba mguuni mwa ukuta. Mchanga ambao ungerudi msimu ujao haupati pa kutua. Jirani naye anaona kwake kumeanza kuliwa, anajenga wake. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, wamepita njia hii tangu miaka ya 1970: mvinje ziling'oka moja baada ya nyingine, majengo ya ufukweni yakaliwa, na kati ya sababu zilizotajwa ni kuchimbwa kwa mchanga wa ujenzi kwenye mito inayolisha ufuo ule. Unguja haina mito ya aina hiyo, kwa hiyo mchanga wake unategemea mwamba na nyasi za bahari. Ukiona hoteli ya kaskazini yenye ukuta wima mbele, uliza wageni waliolala kama jioni wanapata mchanga.

Na onyo moja dogo ambalo lingemuokoa mtu pesa nyingi: "Nungwi" kwenye tangazo si upande mmoja. Kijiji kiko kwenye rasi. Upande wa magharibi ni habari hii ninayoisimulia. Upande wa mashariki wa rasi maji hupwa na kuacha uwanja, karibu kama Paje. Angalia ramani kabla hujalipa. Pale kwenye ncha yenyewe mkondo ni mkali maji yanapobadilika. Usiogelee kuizunguka kwa sababu tu unaona upande wa pili uko karibu.

Nje ya hayo mawili

Michamvi inawachanganya watu kwa sababu upande mmoja, Pingwe, unatazama bahari kuu, na wa pili, Kae, unatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka. Pingwe ndipo kwenye ule mgahawa juu ya jiwe ambao unaufikia kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa. Ukiweka miadi ya chakula, weka na ya nauli. Ghuba ya Chwaka yenyewe imekingwa dhidi ya mawimbi, na mahali wimbi halifiki, tope hutua na mikoko huota. Huko ni pa kutazama ndege na kaa. Mtende, kusini kabisa, ni kijifuo kilichobanwa na majabali; maji yakijaa hakibaki kitu. Nenda yakiwa yanakupwa.

Na kwa wasomaji wa Kenya wanaoniandikia kwamba hayo ni mambo ya Zanzibar: Diani ni binamu wa Paje, mwamba nje na bwawa ndani. Malindi ndiyo iliyo na hadithi tofauti kabisa. Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini ya mji, matumbawe hayapendi tope wala maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo mbele ya ghuba ya Malindi hakuna mwamba wa kuzuia. Mawimbi yanafika yenyewe mpaka ufuoni, na watoto wenye ubao wanayapanda. Mchanga ni wa mto, wa rangi ya ardhi, na badala ya kuliwa, ufuo umekuwa ukisonga baharini kwa sababu mto hauchoki kuleta. Wakati wa kusi tope huelekea kaskazini na maji ya mjini husafika. Wakati wa kaskazi, hasa mvua zikiwa zimenyesha bara, huja upande wa mji na bahari inakuwa kama chai ya maziwa. Atakayekwenda Malindi Januari akitarajia feruzi, asimlaumu mwenye hoteli.

Basi uende wapi

Ukiwa na watoto wadogo wanaojifunza kuogelea na unaweza kuchagua tarehe, mimi nasema Paje au Jambiani, maji mafu, asubuhi. Hakuna wimbi, mtu mzima anasimama popote, na ukiacha viumbe wa miiba na ule mlango wa mwambani hakuna cha kutisha. Huwezi kuchagua tarehe? Kendwa. Ukija na watu wazima wanaotaka kuogelea tu na kutazama jua likizama, Kendwa, na usinisumbue tena. Juni mpaka Agosti kwa asiyependa upepo, Kendwa pia. Kwa mwenye kaiti hana haja ya ushauri wangu.

Kwa maharusi wanaotaka picha, ni suala la saa kuliko mahali. Bamvua, saa 10 jioni, Paje ina maji mpaka miguuni pa minazi na mwanga mzuri nyuma ya mpiga picha. Harusi ya rafiki yangu ilipangwa saa 5 asubuhi siku ya bamvua; katika picha zote bibi harusi kashika shela kwa mkono mmoja na viatu kwa mkono wa pili, na nyuma yake mzee anapita na pweza watatu kwenye fimbo. Ni picha nzuri kuliko zilizokusudiwa, ingawa mama yake hajakubali mpaka leo.

Ukitaka kuona bahari inavyofanya kazi, yaani uwanja, mashimo, mwani, mwamba wenyewe kwa miguu, basi mashariki kwa bamvua na si kwingine. Mtafute kijana wa pale akuongoze, mtoke saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, mwanze kurudi yakigeuka. Msingoje kuyaona yakija.

Shemeji anakuja tena Disemba, safari hii na mama yake. Nilimpangia vizuri: aanze Paje tarehe 8 mpaka 10 za mwezi, maji mafu, watoto waogelee asubuhi, kisha ahamie Kendwa siku tatu, viatu vya mpira jozi moja kwa kila mtu wa familia. Alikubali kila kitu. Jana kapiga simu kusema mpango umevunjika. Mama kasikia habari za ule uwanja miaka yote hii, na anachotaka Unguja ni kitu kimoja: kuiona bahari ikiondoka. Tumesogeza safari mpaka tarehe 15.